Mdogo Wangu, Usiseme Umezoea

Sogea huku karibu na yaya wako, habari hii haitaki kelele. Nimesikia una mimba ya pili. Hongera, na pole pia, maana najua mambo yanavyokwenda kwetu. Ile ya kwanza ilikuwa mimba ya ukoo mzima. Mama mkwe alikuletea mashanza bila kuombwa, shangazi akakukataza kubeba kuni, baba mtoto akawa anarudi nyumbani mapema, hata majirani walikuuliza umelalaje. Hii ya pili hakuna anayeuliza. Unaamka kabla ya jogoo, unamfunga mkubwa mgongoni, tumbo liko mbele, bidoni ya maji mkononi, na watu wanakutazama tu wakisema, "Ah, huyo njia anaijua." Na wewe, kwa kuwa hutaki kuonekana mlegevu, unajibu, "Ndiyo, nimezoea."

Hapo ndipo nataka nikukemee kidogo. Mimba haizoeleki, mdogo wangu. Wazee walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, lakini hawakututajia mama anayefanya yote mawili kwa siku moja, akipanda vilima vya Masisi au akivuka tope la Walikale. Huyo mama ni wewe. Kwa hiyo niache niseme, na ukinuna, nuna huku unasikiliza.

Tuanze na lile ambalo wengi wenu mnalinong'ona: aibu. Mtoto hajatembea vizuri, bado ananyonya, na siku moja unagundua kuna mwingine tumboni. Ukihesabu miezi huipati, kwa maana hukuona damu tangu ulipojifungua. Ulidhani anayenyonyesha hashiki mimba. Kuna ukweli humo, ila una mipaka yake: ziwa hukinga vizuri miezi 6 ya kwanza tu, tena kwa mama anayenyonyesha usiku na mchana bila kumpa mtoto maji wala uji, na ambaye hedhi yake haijarudi. Sharti moja likikosekana, kinga imevunjika. Tena yai hutangulia, damu hufuata, ndiyo maana mtu anaweza kupata mimba nyingine bila kuona hedhi hata mara moja. Kwa hiyo usijiite mjinga, wala usikubali mtu akuambie ni laana. Imewapata wengi kabla yako. Vijiji vyetu vimejaa ndugu waliofuatana hivyo hivyo, leo ni watu wazima wenye ndevu, wanagombania mashamba.

Kinachoniudhi ni kujificha. Unafunga kikwembe juu juu, sokoni unapita njia ya nyuma, na kituo cha afya unakikwepa mpaka mwezi wa saba, eti waganga watakucheka. Mficha uchi hazai. Mganga akikusema neno moja la ukali, litapita. Tatizo lililokaa miezi saba bila kuonwa halipiti kwa neno. Na kwa kuwa hujui tarehe zako, wewe ndiye hasa unayepaswa kwenda mapema: umri wa mimba hujulikana vizuri zaidi ikiwa bado changa, iwe kwa kupapaswa tumbo au kwa ekografi pale inapopatikana. Usijipimie kwa kumbukumbu ya mimba ya kwanza. Tumbo la pili hujitokeza mapema, kwa sababu misuli imekwisha kulegea. Na mtoto wa pili unamsikia akicheza mapema pia, pengine wiki ya 16, wakati yule wa kwanza ulimsikia karibu na wiki ya 20. Ukihesabu kwa mateke peke yake utajidanganya mwezi mzima.

Najua jibu lako: "Yaya, kule kituoni nilishaenda, maneno yao nayajua." Unayajua ya mwaka ule. Mwili uliokuwa nao mwaka ule siyo huu. Umezaa, umemwaga damu, umenyonyesha mfululizo, na chuma kilichotoka mwilini huenda hakijarudi. Ndiyo maana mnapewa vidonge vya damu kila siku. Najua vinafanya choo kuwa cheusi, najua vinachafua tumbo, na najua vinavyoishia kwenye kikopo juu ya kabati. Vimeze baada ya kula, au usiku unapokwenda kulala, lakini vimeze. Sindano ya pepopunda nayo ina hesabu yake. Kama mimba ya kwanza ulichomwa mbili, hii unaongezewa ya tatu, na zikifika tano zilizopangwa vizuri unakuwa umekingwa kwa miaka yako yote ya kuzaa. Hesabu hiyo inakaa kwenye fishi yako ya zamani. Itafute uende nayo. Kama iliungua au ilipotea mlipokimbia vita, sema hivyo hivyo. Nani asiyejua kwamba huku watu wanakimbia na mtoto tu, karatasi zinabaki?

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonane na waganga mara 8 katika mimba moja, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kwisha. Sitakudanganya kwamba mara 8 ni rahisi kwa mtu anayeshuka mlima na kuupanda tena, au anayetoka kijiji cha ndani msituni. Lakini nne zinashinda moja, na ya mapema inashinda ya kuchelewa. Ukifika, hakikisha wamekupima tansio, wamekutoa damu, na kuanzia mwezi wa nne wamekupa Fansidar ya kukinga malaria, kisha wanakurudishia huku mwezi mzima ukipita kati ya dozi na dozi. Kama kuna dawa nyingine unazotumia kila siku, ziseme, hata zile ambazo hutaki jirani azijue.

Na hili la malaria nilisisitize kwa ajili yenu mnaohama. Masisi ni juu, kuna baridi, mbu si wengi kama kwingine. Walikale ni chini, msitu na joto, na mbu wake hawana huruma. Msichana aliyekulia Mushaki au Kitshanga, kisha akaolewa Walikale au akamfuata mume kule kwenye machimbo, mwili wake haukukua ukipigana na malaria kama mwili wa mwenyeji. Umeona sasa neno "nimezoea" linavyoua? Chandarua ni cha kulalia, wewe na mkubwa wako pamoja. Nikikikuta kimezungushiwa bustani ya mboga, tutagombana.

Chakula sasa. Wewe unalisha watatu kutoka sahani moja, na mara nyingi sahani yenyewe unaipata ya mwisho, baba na watoto wakisha kula. Sombe iliyopikwa kwa mawese, lengalenga, maharage, karanga, sambaza wa ziwa Kivu wanaofika Sake na kupanda nasi mlimani: hivyo ndivyo vinavyojenga damu, wala si vyakula vya matajiri. Wapo watakaokukataza mayai, eti mtoto atatoka hana nywele. Mwambie aliyekukataza kwamba yaya amekuruhusu. Na yale mabele ya sokoni, ule udongo mnaoutafuna kama biskuti, yaachieni soko lake. Udongo hukamata chuma tumboni, kile kile ulichohangaikia kwa vidonge, na unaweza kukuletea minyoo.

Kisha maziwa. Masisi yetu ni nchi ya ng'ombe na jibini, na kumwambia mtu wa Masisi achemshe maziwa ni kutafuta ugomvi. Nautafuta. Maziwa mabichi ya ng'ombe huweza kubeba bruselosi, homa inayorudi na kurudi, na kwa mwenye mimba huweza kuitoa mimba. Maziwa yachemke kwanza, ndipo ukitaka mashanza uyagandishe. Jibini iliyotengenezwa kwa maziwa mabichi ingoje mpaka ujifungue, au ipite kwenye moto kwanza. Miezi michache tu, hutakufa kwa hamu.

Haya, nakuja kwa mkubwa wako, maana hapa ndipo machozi mengi hutoka. Jirani akisikia una mimba, kitu cha kwanza atakuambia ni, "Mwachishe huyo mtoto leo leo, maziwa yameharibika, utamuua." Na wewe, kwa hofu, unajipaka pilipili kwenye chuchu, unampeleka mtoto kwa koko kijiji cha mbali, na unalia usiku kucha. Tulia. Maziwa ya mama mwenye mimba hayageuki sumu. Ladha hubadilika, na kufikia katikati ya mimba hupungua, kiasi kwamba watoto wengine huacha wenyewe. Kama mimba yako ni nzima, hutoki damu, hukuwahi kuzaa kabla ya wakati na unapata chakula, unaweza kuendelea kumnyonyesha, na mganga wako akuangalie. Ikiwa mtoto hajafika miezi 6, ndiyo kabisa usimwachishe kwa maneno ya jirani. Nenda kituoni naye, maana maziwa yakipungua yeye hana chakula kingine.

Hofu ya jirani haikuanguka kutoka mbinguni, lakini. Watu waliona watoto wakidhoofu mdogo wao alipokuja, wakaishutumu mimba. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akitibu watoto Gold Coast, nchi tunayoiita leo Ghana, aliandika juu ya watoto wenye miguu iliyovimba na ngozi inayobabuka. Walikuwa wameondolewa ziwani, wakabaki na uji wa mahindi mtupu. Huku Kivu mnamjua mtoto wa namna hiyo, tunasema ana bwaki. Hakuharibiwa na maziwa ya mimba. Aliharibiwa na kile kilichokuja baada ya maziwa, au tuseme kile ambacho hakikuja. Kwa hiyo ukimwachisha, mwachishe polepole, ziwa moja moja, la mchana kwanza na la usiku mwisho. Na mahali pa kila ziwa paweke kitu: uji wa masoso, maana soya ndiyo inayoupa nguvu, maharage yaliyopondwa na kutolewa maganda, sambaza waliosagwa, yai, kijiko cha mawese. Bugari na mchuzi wa chumvi si chakula cha mtoto aliyeachishwa, ni njia ya kumpeleka kwenye bwaki.

Mama wa mahamasisho akipita na ule mkanda wa kupima mkono, usimfiche mtoto. Chini ya milimita 115 ni nyekundu, kati ya 115 na 125 ni njano, juu ya hapo ni kijani. Ukiona njano usingoje nyekundu. Hakuna aibu katika rangi. Aibu ni kumfunika mtoto blanketi ili majirani wasimwone mpaka miguu ivimbe.

Tumbo lake likishiba, bado kuna moyo wake. Ninyi watu wazima mna mchezo mmoja mbaya sana. Mnamwona mtoto wa miaka miwili anacheza uani, mnamwita, mnamwambia, "Wewe, ufalme wako umekwisha! Mama sasa ni wa mwingine!" Kisha mnacheka. Yeye hacheki. Anakwenda kulala na neno hilo, na kesho amekojoa kitandani, ijapokuwa alikuwa ameacha. Keshokutwa anataka kubebwa kila mahali, anaongea kitoto, anakuuma. Unampiga ukisema ana jeuri. Hana jeuri, ana hofu. Mtoto huyo alikuwa mpangaji wa pekee katika nyumba, na sasa anasikia kuna mwingine anakuja na mizigo yake bila yeye kuulizwa. Nawe usingetulia.

Mzoeze mapema. Kama mtamhamisha kitanda, fanyeni miezi kadhaa kabla, ili asione kwamba amefukuzwa na mtoto mchanga usiku ule ule. Mwache aguse tumbo, asikie teke, atoe jina la ovyo analotaka. Majirani zetu Wanande wa Lubero na Beni, mvulana wao wa pili anakuta jina linamsubiri, Kambale. Sisi wengine tunaweza angalau kumwacha mkubwa amwite mdogo wake vyovyote hadi azaliwe. Mzoeshe baba yake kumwogesha na kumlaza tangu sasa, ili siku wewe ukiwa hospitalini asione kwamba amepoteza wazazi wote. Na mtoto akizaliwa, wageni wakija, mwombe mmoja amsalimie mkubwa kwanza kabla ya kukimbilia kitanga cha mchanga. Itakugharimu dakika moja.

Halafu nisikie hili, wewe mwenye mkubwa wa kike. Usimgeuze mlezi. Nimewaona wasichana wa miaka 6 na mtoto mgongoni, miguu ya mchanga inakaribia kugusa ardhi, wenzao wamekwenda shule. Serikali ilitangaza kwamba tangu Septemba 2019 shule ya msingi ni bure. Huko kwetu bure hiyo ina matundu mengi, najua, na vita vimefunga madarasa mengi. Lakini tundu lingine usilitoboe wewe mwenyewe. Anaweza kukuletea kikwembe, anaweza kumwimbia mdogo wake, na hapo kazi yake imekwisha. Mama wa mtoto ni wewe.

Na baba wa mtoto, yuko wapi? Wengine wako Rubaya, wengine Bisie, wengine wamekimbia na hujui wamelala wapi usiku huu. Kwenu ninyi mnaobeba peke yenu, nitarudi. Kwanza niseme na mwenye mume nyumbani. Mume wako si mchawi asome mawazo. Ulimwambia umezoea, akaamini, akaendelea na shughuli zake. Mwambie sasa kwa maneno mafupi: bidoni ya lita 20 ni kilo 20, ongeza mtoto wa mgongoni, ongeza wa tumboni, kisha mlima. Mwambie siku ya salongo kwenye shamba la tajiri aende yeye. Mwanaume wa Masisi anaweza kupakia magunia ya makala kwenye chukudu akashuka nayo mpaka Goma, ambako mwendesha chukudu amejengewa sanamu yenye rangi ya dhahabu. Mwanaume huyo huyo atashindwaje na bidoni moja ya maji? Aogopa kuchekwa kisimani? Wamcheke. Wakimcheka siku tatu, ya nne watakuja kumwazima bidoni.

Akianza na yale ya "safari hii nataka mvulana," au "safari hii nataka msichana wa mahari," mkumbushe hadithi ya kwetu. Wanyanga wa Walikale wanasimulia habari za Mwindo, na Candi Rureke aliisimulia mwaka 1956, Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakaichapisha mwaka 1969, dunia nzima ikaisoma. Humo kuna mwami Shemwindo aliyeamuru wake zake wazae wasichana tu, na atakayezaliwa mvulana auawe. Mwindo akazaliwa, baba akajaribu kila njia ya kummaliza, akashindwa, na mwisho ni mwami mwenyewe aliyekuwa akikimbia mbele ya mtoto wake. Wazee wetu walijua zamani hizo kwamba kumwekea mtoto sharti kabla hajazaliwa ni kujitafutia aibu. Tena mbegu inayoamua mvulana au msichana hutoka kwa baba. Kwa hiyo akitaka kulalamika, kioo kiko ukutani.

Ninyi mnaobeba peke yenu, nimefika. Kwenu "nimezoea" ni hatari mara mbili, kwa sababu hakuna hata mmoja wa kuona kwamba umechoka. Mkono mmoja haulei mwana. Chagua mtu mmoja, mmoja tu: mkwe, mama mwenzako wa likelemba, mama wa kanisani, jirani wa upande wa pili wa njia, na umwambie wazi kwamba umemchagua. Watu wengi husaidia wakitajwa kwa jina, na hukaa kimya wakisubiri mwingine wakiombwa kwa ujumla. Ukiona umeanza kuamka bila hamu ya kitu, unalia ovyo, mkubwa akikuita unatamani asingekuwepo, huo siyo ubaya wako. Umeelemewa. Mweleze mtu wako huyo, na mweleze mganga. Kwa yale tuliyoyapita miaka hii, cha kushangaza ni kwamba wengine bado tunacheka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hata ukisahau mengine yote, hili nakuomba ulishike. Mtoto wa pili hana subira. Uchungu wa kwanza huweza kuchukua saa 12 na kuzidi, ukapata muda wa kuoga, kusuka na kugombana na mkwe. Wa pili mara nyingi ni mfupi zaidi, pengine nusu tu, kwa sababu njia imefunguka mara moja. Wanawake wangapi walisema, "Ngoja nimalize kupika, nakumbuka ilivyochukua muda," wakajifungua kando ya barabara chini ya mvua? Pikipiki haikimbii kwenye tope la kwetu. Usiku watu hawatembei, na huhitaji nikueleze kwa nini. Kwa hiyo uchungu ukianza, unaondoka. Sufuria itamalizwa na mwingine.

Bora zaidi, uwe karibu kabla haujaanza. Pale Masisi, Médecins Sans Frontières, ambao walianza kufanya kazi katika hospitali kuu mwaka 2007, walianzisha makao ya kusubiria kwa akina mama wenye mimba zenye hatari. Uliza mapema kituo chako kama kuna mahali pa namna hiyo unapoweza kupelekwa, au tafuta ndugu anayekaa karibu na hospitali, upeleke gunia la viazi uwe mgeni anayependwa. Na kama wa kwanza ulipasuliwa, hapo hakuna mjadala: wa pili huzalii nyumbani wala kwenye kituo kisicho na chumba cha upasuaji, hata kama mkunga wa kijiji anakupenda kama mwanawe. Kovu la ndani linaweza kufunguka wakati wa uchungu, na damu haimsubiri mtu apate pikipiki. Damu kutoka wakati wowote wa mimba, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, homa, degedege, maji kupasuka bila uchungu, mtoto kuacha kucheza: lolote kati ya hayo ni safari ya siku hiyo hiyo.

Nanyi mnajua jinsi njia za kwetu zinavyobadilika. Januari 2025 vita viliingia Masisi Centre, Machi mwaka huo vikafika Walikale Centre, na wenye mimba walikimbia kama wengine. Kwa hiyo usipange mahali pamoja, panga pawili. Kifurushi kikae tayari tangu mwezi wa saba: vikwembe viwili safi, nguo za mchanga, sabuni, wembe mpya, fishi, na pesa kidogo iliyoshonwa kwenye pindo. Na kifurushi kingine kidogo cha mkubwa, kwa maana akilala kwa watu bila nguo yake anayoipenda, hatalala.

Ukisha kujifungua salama, usishangae tumbo likikukata kuliko mara ya kwanza, hasa unaponyonyesha. Ni chango. Kizazi kinajikaza, na kwa mtoto wa pili hujikaza kwa nguvu zaidi. Huisha siku chache. Lakini damu inayolowanisha kitambaa baada ya kitambaa, au uchafu wenye harufu mbaya pamoja na homa, hiyo siyo chango, na mtu asikuambie ni kawaida kwa aliyezoea. Kisha kabla hujatoka hospitalini, zungumza juu ya kupumzika. Shirika la Afya Duniani linashauri miezi 24 angalau kati ya kuzaa na kushika mimba nyingine. Sindano, vijiti na kitanzi, uliza kilichopo, na umwite mumeo asikie mwenyewe, asije akasema ulimficha. Usiposema siku hiyo, tutakutana hapa hapa mwakani, nawe utakuwa umekaa mbali kidogo ili nisione kikwembe ulivyokifunga.

Nimesema sana, lakini nakupenda, na mtu humsema anayempenda. Jioni hii, mkubwa akisha kulala, muulize mumeo, au yule mtu wako mmoja uliyemchagua, swali moja tu: "Uchungu ukinianza saa nane usiku, nani atabaki na mtoto, na nani atanisindikiza?" Asikuambie tutaona. Akutajie majina. Akikosa jina, msizime taa mpaka lipatikane.